Mashine Isiyokunywa Dizeli

Siku ya tatu Maoulida alikuwa benchini tena, beringi iliyokufa imefungwa kitambaa mapajani pake, grisi imekwisha kupenya hadi kwenye kanzu. Ofisi ya Mgao wa Mafuta na Vipuri ilikuwa ghorofani, Moroni, na stoo ilikuwa chini yake. Beringi mpya imo humo stoo. Aliiona jana kwa macho yake, bado imo kwenye karatasi ya nta, Batoul mtunza stoo alipomwonea huruma akamfungulia mlango.

"Ni yako, fundi," Batoul alimwambia. "Ulete tu muhuri wa bwana mkuu."

Muhuri! Mtu amevuka bahari kutoka Mutsamudu, analala sakafuni kwa shangazi yake Zoubeida huko Magoudjou, anakula mihogo ya watu, kwa ajili ya kipande cha mpira kilichochovywa wino.

Bila beringi hiyo, mashine ya maji inayofua umeme mtoni juu ya mji, na ambayo sasa inajikokota kwa beringi kuukuu ya kubahatisha, ingesimama, na Mutsamudu ingebaki na jenereta moja ya dizeli. Na dizeli huja meli ikipenda. Mwezi wa tatu meli haikupenda. Mji ulikaa gizani siku kumi na moja, na ni mashine ya maji iliyoipa hospitali taa. Ndivyo walivyoishi miaka yote: mvua zikinyesha mto unaibeba hospitali, mto ukikauka dizeli inapokea. Sasa ni mwezi wa sita, mto bado una nguvu, na Hayati, binti yake Maoulida, amebakiza wiki mbili ajifungue. Mtoto wa kwanza alitolewa kwa kisu. Daktari amesema wa pili naye atatoka hivyohivyo.

Bwana Abdoulkarim, mkuu wa mgao, aliingia saa nne ananukia manukato, ameongozana na mzungu aliyevaa kaptura ya kijeshi, bastola kiunoni. Alikuwa mmoja wa wale askari wa kukodiwa walioingia nchini mwaka wa sabini na nane, na miaka mitano baadaye wamo tu, kama wageni wa arusi waliosahau kwenda kwao. Mzungu hakukaa benchini. Alicheka, akapewa karatasi ya mapipa ya dizeli ya kambi yao, akatoka bila hata salamu.

"Haya, fundi, jeje?"

"Njema, bwana mkuu. Nimefuata ile beringi ya mashine ya maji."

Abdoulkarim alifungua daftari, akateremsha kidole. "Mashine yako haipo."

"Haipo vipi? Nimeiacha inazunguka."

"Tazama mwenyewe. Mafuta yaliyotumika: sifuri. Mwaka mzima sifuri. Mtambo usiotumia mafuta ni *hors service*, umekufa. Na vipuri ni vya mitambo iliyo hai."

"Bwana mkuu, ile inasukumwa na mto."

"Kwani mto umewahi kuleta maombi hapa?"

Makarani wawili walicheka. Mashine ya Maoulida ilikuwa imeuawa kwa kosa la kutokula chochote. Aliwatazama watu hawa na kanzu zao zilizopigwa pasi, akatamani kuwatapikia juu ya daftari lao.

Abdoulkarim akateremsha sauti. "Usiwe mzito, fundi. Mashine ikinywa dizeli, ipo. Ikiwapo, ina haki ya beringi. Tuandike inakunywa mapipa ishirini kwa mwezi."

"Mapipa ishirini niyapeleke wapi mimi?"

"Huyapeleki popote. Yana wenyewe." Dirishani, chini, mzungu alikuwa anawasha jipu lake.

"Na yatatoka wapi?"

"Mgao wa Mutsamudu ni mmoja. Tutayapunguza kwenye jenereta yenu."

Maoulida alihesabu miezi. Wa saba mto utapungua. Wa tisa hautaweza kugeuza hata feni, hapo jenereta ndiyo itakuwa kila kitu, na itakuwa na nusu ya mafuta yake. Mwezi wa tisa pia kuna wanawake watakaolazwa juu ya kitanda kilekile cha upasuaji. Alijua. Hakuna aliyemdanganya, wala hakuweza kujidanganya mwenyewe. Lakini Hayati ni wa mwezi huu. Alimchukia Abdoulkarim, na alipopokea kalamu akauchukia na mkono wake mwenyewe.

Akatia sahihi. Muhuri ukapigwa, na Batoul akampa beringi akimpongeza.

Siku nne baadaye mashine ya maji ilikuwa inazunguka bila kelele. Fakih, msimamizi wa jenereta, waliyesoma naye chuo kimoja cha Kurani, alipanda kutoka mjini akihema, karatasi mkononi.

"Maoulida, wametukata mapipa ishirini! Na unajua wameandika yamekwenda wapi? Kwako! Kwenye mashine ya maji!" Fakih alicheka mpaka akashika magoti. "Wajinga wale hawajui hata maji ni nini. Vaa viatu, twende kwa gavana, hili kosa litarekebishwa leoleo."

Maoulida alikuwa anafuta grisi vidoleni, kimoja kimoja.

"Mwezi wa tisa nitawasha nini mimi?" Fakih aliendelea, akiisogeza karatasi karibu na macho. "Na huyu ni mpumbavu gani aliyetia sahihi hapa chini..."

Akaisoma tena.

"Inakunywa," alisema Maoulida. "Waambie watu inakunywa."