Chumvi ya Bluu Ndani ya Bote

Firmin alichutama nyuma ya bomba la kiwanda cha shaba, akakwangua chumvi ya bluu kwa kijiko cha nyumbani. Ilikuwa imeganda pale kwenye maungio, ngumu kama sukari iliyonyeshewa. Viganja viwili akatia ndani ya bote ya kuume, viwili ndani ya bote ya kushoto. Kisha akaingiza miguu bila soksi, maana soksi zake zote zilikuwa zimefunga kwato za kondoo.

Mji wote wa Likasi unakula shaba na kukohoa shaba, lakini kwenye farmasi usingepata hata kijiko cha sulfate, hiyo chumvi ya bluu. Swedi, mchuuzi wa mifugo, ndiye aliyemwambia kwamba hiyo njo dawa ya kwato zinazooza. Akaongeza neno: kabla ya kuwaogesha miguu, wanyweshe maji safi mpaka washibe, ju kondoo mwenye kiu akilamba ile bluu, hutamkuta hai kesho.

Kondoo walikuwa sita. Mwezi ujao Firmin angeingia pensheni, arudishe nyumba ya kampuni, aende Kapolowe na mke wake Henriette, na huko hakuna kilichowangoja isipokuwa hao sita. Mvua ziliwaozesha kwato mmoja baada ya mwingine. Alijaribu majivu, pilipili, hata mafuta ya gari. Dume lao, waliyemwita Directeur, kama mkubwa wa kampuni, ju ya tumbo lake, sasa alikula majani amepiga magoti kama muntu wa misa. Bwana wa hygiène, mkaguzi wa afya, alipita asubuhi hiyo, akaziba pua, akasema atarudi kesho asubuhi, na kila kondoo anayechechemea atapelekwa kuchinjwa na kuchomwa.

Kutoka bomba mpaka getini hapakuwa mbali, ila kila hatua ilikuwa na meno. Jasho lilipoigusa chumvi, ikaanza kuchoma.

Pale getini Mathieu, mlinzi, alipekua mifuko, kofia, mpaka vyombo vya chakula. Siku nyingine Firmin hupita hapo na mizaha. Juzi tu alimfichia Mathieu chura ndani ya kofia. Leo alikaza macho kwenye geti.

"Citoyen Mwilambwe," Mathieu akasema, ju serikali ilikuwa imekataza jina za ubatizo, kila muntu akawa citoyen, raia. "Weye unachechemea nini? Toa bote."

Machozi yalikuwa karibu. Firmin akayageuza kicheko.

"Nitatoa, ndugu, lakini weye njo utazivuta. Bakondoo yangu balinipa ugonjwa yabo. Bidole bitatu binashaoza. Bibi yangu anashahamia kwa jikoni."

Akamnyooshea mkono wa salamu. Harufu ya kwato alizochonga alfajiri ilikuwa bado chini ya kucha. Mathieu aliinusa, akarudi nyuma hatua mbili.

"Pita. Usikanyage hapa kwangu."

Nyumbani, chumvi ilitoka ndani ya bote pamoja na damu na ngozi. Henriette aliiona, akamimina maji ya moto kwenye pipa walilolipasua kwa urefu, akaikorogea humo. Ndipo akauliza:

"Na maguu yako?"

"Kwanza yabo."

Watano walikunywa maji safi mpaka wakakataa, wakapitishwa ndani ya bluu mmoja mmoja. Directeur hakutaka kunywa. Walimwekea ndoo, wakamlowesha midomo, akageuza uso. Lakini alipokanyaga tu ndani ya pipa, kichwa kikainama kwenda kwenye bluu.

Firmin aliingia naye, miguu mitupu. Yowe alilimeza. Akamkumbatia shingo, akamfumba mdomo juu ya kifua chake. "Acha, Directeur. Hii haina pombe, ni sumu." Henriette, ju hawakuwa na saa, alipima muda kwa kusali Baba Yetu ishirini, polepole, bila kuruka neno.

Swedi alikuwa amesema baada ya hapo wasimame pakavu. Mvua ilikuwa inaanza, na pakavu palikuwa sebuleni peke yake. Kondoo sita wakasimama kwenye saruji ya kampuni, kati ya viti, wakiacha madoa. Henriette alipiga magoti na kitambaa.

"Hii bluu haitatoka."

"Iache. Nyumba haina yetu, ni ya kampuni."

Firmin alikaa chini, mgongo ukutani, visigino juu ya kigoda. Directeur aliinua guu lake baya la mbele. Hakulikanyaga tena, akaliacha hewani. Tone la bluu lilikusanyika kwenye ncha ya ukwato, likaanguka. Lingine likaanza kukusanyika. Henriette aliacha kupangusa, akangoja aone kama atalikanyaga. Mvua ilipiga mabati, na guu lilikuwa bado hewani.