Leva Nyekundu

Saa nne asubuhi mkunga aliegesha pikipiki yake mbele ya duka la vipuri, ile ndefu ya tairi za meno, inayokwenda lami na porini sawasawa. Leva ya klachi, ule mkono wa kubana kwenye usukani, ilikuwa imefungwa kwa kipande cha mpira. Ya breki ilibaki nusu. Juzi pikipiki ilimwangusha kwenye mchanga. Ng'ambo ya mlima wanawake watatu walikuwa wanakaribia siku zao za kujifungua, na mteremko ule haushukwi kwa nusu breki. Alihitaji leva leo, si kesho.

Ndani wafu walikuwa wameshafika. Siku hiyo walikuwa kumi na mmoja, wamejipanga ukutani kati ya minyororo na matairi, helmeti kichwani, vumbi la barabara mabegani. Kila mmoja alishika kipande cha leva iliyokatika. Mwenye duka alikuwa anafagia. Akifika miguuni mwao husema samahanini, nao huinua mguu mmoja mmoja.

Mkunga akawasalimu wote kwa pamoja, kisha akamtafuta kaka yake. Alikuwa wa nne kutoka dirishani.

Enzi za uhai wake watu walimwita Kaza. Kwake bolti haijafungwa mpaka spana ilie. Alipotengeneza komeo la choo cha nyumbani, shangazi yao alishinda humo ndani hadi adhuhuri. Sasa, wanaozijua njia za mawe hukaza kishikio cha leva kiasi tu, ili pikipiki ikianguka leva izunguke, isikatike. Kaza akakaza. Siku moja alianguka asubuhi, leva ikapata ufa mwembamba kama unywele. Akainuka, akajipangusa, akaendelea na safari. Mchana, kwenye mteremko wa machimbo, akaibana breki, leva ikambakia mkononi. Ilikuwa leva nyekundu, yenye kung'aa, aliyoinunua hapahapa. Mwaka wa tatu sasa tangu afe.

"Umenenepa," kaka akasema.

"Na wewe huzeeki. Njoo unichagulie."

Mwenye duka aliweka jozi mbili juu ya kaunta. Moja nyekundu, tamu machoni. Nyingine ya kijivu, imepooza kama kijiko cha hospitali. Kaza aliichukua nyekundu, akaikunja kwa vidole viwili, ikavunjika kama biskuti. Hiyo ni ya madini yaliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, akaeleza, ndani ina matundu. Ya kijivu akailalia kwa uzito wake wote. Ikapinda kidogo, akainyoosha, akamkabidhi dada yake. Hii imefuliwa kwa nyundo. Hii ukianguka nayo inakurudisha nyumbani.

Mwenye duka akavifagilia vile vipande vyekundu kwenye kopo. Mkunga akamuuliza kwa nini za kijivu haziweki kwenye kioo pale mbele. Akajibu bila kuona haya kwamba nyekundu zinatoka sana, na za kijivu huja chache, kwa hiyo huwawekea wenye mtu wao humu ndani. Huwezi kumdanganya mtu ndugu yake akiwa amesimama pale.

"Na wasio na mtu?"

"Wao hawajawahi kulalamika," akasema, akaendelea kufagia.

Kaza alizifunga leva za kijivu nje mwenyewe. Akaupima mkono wa dada yake, mfupi wa vidole, akazungusha skrubu ndogo mpaka leva ikamsogelea. Akamwambia atumie vidole viwili tu, vingine vibaki vimeshika usukani. Halafu akaanza kubana bolti. Spana ilipokaribia kulia, akaacha.

"Usikaze mpaka mwisho," akasema.

"Nani alikufundisha hayo?"

"Nimepata nafasi ya kufikiri."

Mpeleka barua akafika na pikipiki kama ile ile, akaingia dukani. Moja kwa moja kidole chake kikaenda kwenye nyekundu. Mkunga akamfuata, akamweleza yote: matundu, ufa, mteremko. Mwanamume yule akasikiliza kwa adabu, akawapitia wafu uso kwa uso kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha.

"Mama, mimi hapa sina mtu," akasema, na akaonekana kupata nafuu. Tena nyekundu zinaendana na tangi lake, akaongeza.

Mkunga akataka apewe za kijivu hata hivyo. Mwenye duka akasema zile alizofungiwa mkunga ndizo zilikuwa za mwisho, mpaka mwezi ujao. Nyekundu anazo maboksi manane.

Mkunga akasimama mlangoni. Angeweza kufungua zake ampe. Akawafikiria wale watatu ng'ambo ya mlima, akavaa helmeti, akaondoka. Breki ilishika vizuri, laini, kwa vidole viwili.

Kaza alirudi ndani. Mwenye duka alikuwa ameshamfungia mpeleka barua mzigo wake kwenye gazeti, anamtakia safari njema. Kule ukutani wafu walisogea hatua moja moja kuelekea kwenye matairi, bila kuambiwa, wakaacha nafasi ya mtu mmoja pale dirishani.