Mgema Asiyeimba

Kijijini kwao, mgema hupanda mnazi akiimba. Akinyamaza huko juu, watu husema anachungulia wanawake wanaooga, au anaiba.

Tiribo alikuwa ananyamaza.

Rotia alilitambua hilo kabla ya wengine, akatamani asingelitambua, maana walikuwa marafiki tangu walipofundishana kuogelea. Baba yake Tiribo alianguka mnazini akavunjika nyonga, na sasa Tiribo ndiye aliyegema minazi yao, iliyopakana na ya kina Rotia. Tangu hapo, kila asubuhi kifuu ambacho baba yake Rotia alikingia tembo kilikutwa kimejaa nusu tu.

"Mdomo wake umejaa tembo langu," baba alisema, "ataimbaje?"

Kesho yake jioni angemshtaki mbele ya wazee katika maneaba, ukumbi wa kijiji. Tiribo angenyang'anywa kotama, kisu chake cha kugemea, na kwao hapakuwa na mwingine wa kupanda.

Alfajiri ya siku hiyo Rotia alijibanza chini ya mnazi wa baba yake. Tiribo akaja, akatazama huku na huku kama mtu mwenye lake, akapanda mnazi wa kwao kimya, mdomo ameufumba.

"Mwizi!" Rotia akachomoka. "Shuka nikunuse mdomo!"

"Usinipigie kelele, we Rotia, nitaanguka!"

Miguu yake ilikuwa ikitetemeka.

"Mbona huimbi?"

"Nikifungua mdomo nitalia. Unataka kijiji kizima kinisikie?"

"Unaogopa? Sasa unapandia nini?"

"Nisipopanda, wadogo zangu hawapati tembo tamu. Wanywe nini, maji ya bahari?"

Rotia hakuamini. Hata mwizi ana maneno. Akarudi chini ya mnazi wao kumvizia, na hapo kitu kikamdondokea shavuni. Akakilamba. Kitamu. Likafuata tone jingine. Akatazama juu: lile jani linaloongoza tembo hadi kwenye kifuu lilikuwa limefungwa upande, nusu ya tembo ikidondoka nje. Macho ya baba yalikuwa yamefifia. Siku hizi alifunga kwa kupapasa, na ole wake amwambiaye.

Jioni baba alipoinuka kusema, Rotia alisimama mahali pa watoto, ambapo mtoto hukaa tu, hasimami kusema.

"Baba, mwizi wako ni jani. Umelifunga vibaya."

Wazee wakacheka hadi wakapiga mapaja. Njiani baba hakumtazama.

Asubuhi Rotia akasimama chini ya mnazi wa Tiribo, akaimba.

"Unaimba kama kuku anayetaga!" Tiribo akasema kutoka juu.

"Basi imba wewe."

Kisha sauti ikatoka, nyembamba, ikakatika katikati ya mstari. Kwenye mnazi wa pili mtu alikohoa. Rotia akasikia jani likifunguliwa na kufungwa upya, polepole, kisha baba yake akaumalizia ule mstari.