Shingo za Ukurasa wa Sita

Mzee Kyule alipuliza vumbi la mti kwenye goti la mwanamke aliyekuwa akimchonga kibaoni, akageuza patasi, akaanza kumtoa mkono wa kushoto. Goti lilikuwa zuri. Hata yeye mwenyewe alilisifu kimoyomoyo.

Alikuwa ameketi kwenye veranda ya mpwa wake Syombua, mtaani Umoja, vibao viwili vilivyokamilika vikiwa miguuni pake na kimoja kitupu kando. Syombua alifanya kazi kwa mchapishaji mdogo aliyetoa jarida la kila mwezi: habari za vitabu vipya, afya, mapishi na mambo ya nyumbani. Baada ya miaka ya kusahihisha makosa ya wengine, alikuwa amepewa ukurasa wake mwenyewe kwa mara ya kwanza, ukurasa wa sita, wa mazoezi ya magoti. Mchoraji akaugua. Mkubwa wake, Bwana Wachira, akamwambia picha nne zisipofika kesho asubuhi, ukurasa utapewa tangazo la mafuta ya kupikia, na yeye arudi kwenye makosa yake. Ndipo akamkumbuka mjomba, mchongaji.

"Lete nikijaribu," alisema Syombua kibao kilipokamilika. Akapaka wino, akalaza karatasi, akasugua kwa mgongo wa kijiko, akaibandua. Akaigeuza juu chini, chini juu.

"Mbona unaigeuza?"

"Mjomba, shingo."

"Imefanya nini?"

"Imepita mahali pa kichwa cha habari."

Kyule akavaa miwani. Mwanamke alikuwa amechuchumaa vizuri, viganja kiunoni, lakini shingo ilipanda, ikazidi kupanda, hadi kichwa kikawa kama kinachungulia dirisha la gorofa. Vibao vya kwanza navyo vilikuwa vivyo hivyo. Tangu ujana wake kwao Wamunyu, Kyule alikuwa akiwachongea watalii twiga, na mkono wake ukifika shingoni haumuulizi mtu.

"Nitafutie mtu nimtazame," alisema kwa upole. "Nimesahau shingo ya watu huishia wapi."

Akaitwa jirani, Wangeci, au Mama Mukami, muuza mboga, mama mnene mcheshi ambaye kichwa chake kilikalia mabega moja kwa moja, kama sufuria juu ya jiko. Akachuchumaa alivyoelekezwa. Kyule akaanza kuchonga kibao cha mwisho, akimtazama kushoto, akimtazama kulia.

"Mama Mukami, hebu inua kidevu. Natafuta shingo."

"Iko, Mzee! Bwanangu aliiona siku ya harusi."

Alipochoka kuchuchumaa, Wangeci akaokota ile karatasi. "Na huyu anafanya zoezi gani?" Akamwiga, akainyoosha shingo juu, akaigeuza polepole. "Wee! Hii ni poa. Tangu asubuhi nainamia sukuma wiki, hapa nyuma ya shingo pamekauka kabisa."

Akawaita wenzake wawili. Bwana Wachira alipopitia kuona kazi, alikuta akina mama watatu wamejipanga ukutani, shingo juu, kama mabata waliosikia mlango ukifunguliwa.

Syombua alificha karatasi mgongoni. Wangeci akamnyang'anya, akampa mgeni.

Bwana Wachira, mtu wa kushinda ameinama mezani, aliitazama picha kwa muda. Akalegeza tai, akajaribu. Kitu shingoni kikalia ko!

"Aaah," alisema, macho ameyafumba. "Nani alifikiria zoezi la shingo?"

Mjomba na mpwa wakatazamana.

"Mimi," Syombua akasema haraka.

"Mbona maandishi yako yanasema magoti?"

"Nayabadilisha."

"Basi ukurasa ni wako. Lakini kesho asubuhi nipate picha zote nne, shingo ndefu hivi hivi."

Akaondoka akigeuza kichwa kama mtu anayevuka barabara pana. Syombua alirukaruka kwa furaha, kisha akachukua kibao cha nne, akapaka wino, akasugua, akaibandua karatasi.

"Mjomba! Shingo iko wapi?"

Kyule akaangalia. Kichwa kilikuwa kimekaa juu ya mabega, kimetulia kabisa.

"Si ulitaka ya mtu?" aliuliza. "Sasa mti nimeshautoa, siwezi kuurudisha."

Jua lilikuwa limezama na patasi haikuonekana vizuri tena. Akazifungia zana zake kwenye gunia. "Kesho alfajiri nipate ubao mwingine. Na Mama Mukami asikae mbele yangu."

"Nimesikia!" Wangeci akajibu kutoka upande wa pili wa ukuta.

Syombua akaingia ndani, akapekuapekua, akarudi na ubao wa kukatia nyama. Akausugua kwa sabuni, akauegemeza mlangoni ukauke.