Dirisha la Moshi

Bendi yetu ilikuwa na sheria moja tu, nayo iliandikwa ukutani kwa mkaa: KWANZA MOSHI, HALAFU MUZIKI. Aliyeiandika ni kiongozi wetu, mpiga tarumbeta tuliyemwita Kamanda, mtu mwenye mashavu ya kupulizia jiko na imani kwamba hakuna mwanamuziki aliyewahi kutunga cha maana akiwa na akili zake. Ukimdai ushahidi, anakutajia nyimbo zetu, maana zote tulizitunga tumevuta. Ukimwambia hata chooni tulikuwa tunaenda tumevuta, anakujibu kwamba wewe huna sanaa.

Mimi napiga gitaa la besi, na bangi nilivuta kama wenzangu. Sijitii utakatifu hapa.

Mazoezi yetu yalikuwa alasiri, katika stoo ya fundi magodoro, nyuma ya karakana yake. Vipande vya sponji vilipangwa hadi darini, kwa hiyo sauti haitoki wala haiingii. Fundi alitupa stoo kwa sharti moja: msokoto ukiwashwa, dirisha la upande wa barabara lifunguliwe. Kuna mteja alimrudishia godoro akilalamika kwamba mume wake akililalia anaamka anacheka. Basi tukiwasha, tunafungua. Tukizima, tunafunga. Sharti hilo tuliliheshimu kuliko ndoa zetu.

Mtunzi wa bendi alikuwa mdogo wangu, tumbo moja, watu wakimwita Nyuzi kwa sababu ya gitaa. Huyo alikuwa anavuta mara mbili, anakaa karibu na dirisha, anafumba macho, na kabla chai haijapoa ana wimbo. Kamanda alikuwa akimwonyesha kwa wageni kama mtu anayeonyesha ng'ombe wa maziwa.

Mwaka jana kifua cha Nyuzi kikaanza kupiga filimbi, na filimbi yenyewe haikufuata mdundo. Daktari akamwambia achague, mapafu au moshi. Akachagua mapafu, maana ana binti mdogo na alitaka kumwona akikua. Aliacha siku hiyo hiyo, bila matanga.

Nyimbo nazo zikaacha. Alianza kuja stoo asubuhi peke yake, akijifungia mle kwenye sponji, akilitazama gitaa kama mkwe aliyekataa kuitikia salamu. Alasiri tukija na moshi wetu, yeye anaondoka. Mwezi baada ya mwezi hakupata hata kibwagizo. Nilimwona akikonda, na nikajua si kifua.

Kamanda alivumilia, halafu akachoka kuvumilia.

"Gitaa hilo ni la bendi," alimwambia mbele yetu sote. "Jumamosi tuna harusi, na maharusi wanataka kuingia na wimbo mpya. Ulete wimbo, au uvute kama watu, au uliache gitaa tumpe anayetunga."

"Kamanda, huyu ni mgonjwa," nikasema.

"Ugonjwa wake ni usafi. Utamuua."

Nyuzi alilifuta gitaa kwa shati lake, akaliegemeza ukutani, akaenda zake.

Sisi tukafungua dirisha, tukawasha. Na siku hiyo, jamani, wimbo ukashuka. Kamanda aliushika mkia kwa tarumbeta, taratibu, kwa huzuni, nami nikauwekea besi chini yake. Ulikuwa mzuri mpaka nikalia. Mpiga ngoma wetu, ambaye hajamkumbatia mtu tangu aachishwe ziwa, aliweka vijiti chini akanikumbatia. Tuliupiga mpaka jua likaanza kuingia ndani, na kila tulipoanza upya ulionekana mpya.

"Mnaona?" Kamanda akasema, machozi yakimtiririka. "Huu haukutungwa na mtu. Umeletwa."

Kesho yake tulimpigia Nyuzi wimbo wetu. Sisi, bila shaka, tulikuwa tumeshawasha. Yeye alisikiliza kidogo, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, halafu akaona kwamba hatutanii.

"Dada," akaniambia, "huo si ni wimbo wa muuza aiskrimu?"

"Aiskrimu gani?"

"Yule wa baiskeli, mwenye sanduku na kispika. Anapita hapo nje kila alasiri. Mmeupunguza mwendo tu."

"Wivu," akasema Kamanda.

Na mimi, dada mtu, niliyembeba mgongoni, nikaona ameutukana wimbo ulioniliza. Nikamwambia, "Ukikosa wako, usiutie tope wa wenzako." Aliniangalia. Afadhali angenitukana.

Jumamosi tukafika kwenye ukumbi wenye viti vilivyofungwa vitambaa vyeupe na mlinzi mmoja mwanamke aliyebeba funguo kiunoni. Alifungua kila begi letu, akanusa, akatoa misokoto, akaitia kwenye ndoo ya maji machafu huku Kamanda akitazama kama anazikiwa mtoto.

"Mama, hiyo ni dawa ya mashavu," Kamanda akajaribu.

"Yapake mafuta," mama akasema.

Kwa hiyo tulipanda jukwaani wakavu. Nyuzi, aliyekuja na binti yake, alisimama pembeni na gitaa la bendi, kwa mara ya mwisho, kila mtu akijua. Maharusi wakatokea mlangoni. Kamanda akafumba macho, akapuliza.

Kwa mara ya kwanza nikausikia wimbo wetu nikiwa na akili zangu. Haikuhitaji hata mstari wa pili. Nikamgeukia mpiga ngoma, naye alikuwa ameshanigeukia, macho yamemtoka. Kamanda peke yake aliendelea, amezama, anapuliza aiskrimu kwa uchungu mkubwa.

Mtoto wa kwanza akasimama kwenye kiti. Wa pili akamvuta mama yake mkono. Kisha wakaja wote, wakipita katikati ya maharusi, kila mmoja na sarafu yake mkononi, wakapanga foleni mbele ya jukwaa kwa adabu ambayo wazazi wao hawana. Ukumbi ukaangua kicheko. Shangazi wa bwana harusi akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, "Ya maziwa ipo?" Tarumbeta ikakata roho. Bibi harusi alikuwa ameshika mdomo, na sikujua anacheka au analia.

Mbele ya foleni alikuwepo binti wa Nyuzi, amenyoosha sarafu.

"Baba, siku hizi mnauza aiskrimu?"

Nyuzi akamtazama. Akashuka, akapiga goti mbele yake, na akapiga wimbo ule ule. Ila sasa aliukimbiza, akaupindua mkia, akaupeleka mahali ambapo baiskeli ile haijawahi kufika. Akaimba:

Nimepanga foleni tangu utotoni,
njoo, mpenzi, kabla sijayeyuka.

Watoto wakaanza kupiga makofi bila kuambiwa. Nikaingia na besi, ngoma ikaingia, na shangazi aliyetaka ya maziwa akawa wa kwanza kuinuka. Maharusi walicheza na foleni nzima ikiwafuata nyuma. Tuliombwa wimbo huo tena na tena, mpaka vidole vikaniuma, na nilifurahi vikiuma.

Tulipokuwa tunafunga vyombo, Kamanda akajifuta mdomo na kusema, "Mmeona wenyewe? Bila moshi wetu wimbo huo angeupata wapi?"

Nyani haoni kundule. Lakini neno lile lilimchoma Nyuzi. Nilimkuta nje ya ukumbi na binti yake.

"Nisamehe," nikamwambia.

"Yamepita, dada. Ila Kamanda amesema kweli. Zote za zamani nilikuwa nimevuta, na hii mmeileta ninyi mlipovuta. Kwangu hakuna kitu. Ni moshi uliokuwa unatunga."

Nilitaka kumbishia, lakini binti yake alikuwa anamvuta suruali akidai aiskrimu yake, wakaondoka kuitafuta.

Jumatatu niliwahi stoo. Dirisha lilikuwa wazi. Nikasema basi, ameurudia moshi. Nikanusa. Sponji na gundi, hakuna kingine. Nyuzi alikuwa amekaa kwenye rundo la mabaki, gitaa mapajani, hapigi.

Fundi magodoro akachungulia, sindano mdomoni. Naye akanusa.

"Dirisha wazi, moshi hakuna. Kulikoni?"

"Siku zote lilikuwa la kutoa, fundi," Nyuzi akasema. "Leo ni la kuingiza."

Fundi akanitazama mimi, kama mimi ndiye mwenye mgonjwa, akarudi kazini. Cherehani yake ikaanza kulia huko mbele, ile nzito ya kushonea kingo, na Nyuzi akainua kidole.

"Sikiliza. Huo si wimbo wetu wa kwanza?"

Ulikuwa wenyewe, mdundo kwa mdundo.

"Ule wa mvua ni bati la jirani. Ule wa mapenzi, unaowaliza watu redioni, ni yule mama wa ng'ambo ya barabara akimwita mwanawe akaoge. Mwaka mzima nimejifungia humu kwenye sponji, nikasema moshi umeondoka na nyimbo. Kumbe nilifunga dirisha. Niliogopa, dada. Nilidhani mimi ni bomba tu, na sasa limeziba."

Nilimshika shingo nikamvutia kwangu, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu akiwa na meno ya utotoni. Nililia tena, safari hii bila msaada wowote.

Kamanda akaingia, msokoto nyuma ya sikio. Alipoona dirisha, uso ukamng'aa.

"Afadhali! Nilijua utarudi. Kiberiti kiko wapi?"

Mimi bangi sijaacha, msije mkanisingizia wokovu. Lakini ng'ambo ya barabara yule mama alikuwa ameanza kumwita mwanawe, jina likipanda, likikatika, likipanda tena juu zaidi kwa hasira, na vidole vya mdogo wangu vilikuwa vimeanza kumfuata.

"Kaa chini, Kamanda," nikamwambia. "Na unyamaze."