Kigoda cha Mlangoni

Hana alifundisha kemia Bunda, na kwa wakwe zake Butiama alikuwa mkamwana mwenye adabu mpaka adabu yenyewe ilimchosha. Tangu aolewe hajawahi kumpa mkono baba mkwe wake, mzee Magige. Ndiyo desturi ya nyumba ile. Zawadi ya mzee huwekwa kwenye kigoda cha mlangoni, naye huja kuichukua mwenyewe, kimya kimya.

Jumamosi moja alipitia pale akielekea Musoma. Mkobani alikuwa na kichupa cha methili salisileti aliyoitengeneza na wanafunzi wake, ampelekee mwalimu mwenzake. Inanukia dawa ya kuchua, maana dawa hizo hutiwa kiasi chake kidogo. Lakini ikiwa haijachanganywa na kitu, kijiko kimoja kikinywewa chaweza kumtoa mtu roho. Akitafuta leso mkobani, Hana alikitua kichupa juu ya kigoda, na papo hapo mama mkwe wake, Ghati, akamwita jikoni. Mazoea yana tabu.

Aliporudi, kigoda kilikuwa kitupu. Mzee ameketi uani na bilauri ya maji ya uvuguvugu, matone ya mafuta ya kichupani, mazito kuliko maji, yamezama chini, yamekataa kuchanganyika na maji. Magoti yalimuuma kwa ndani, basi naye akaamua kuipeleka dawa ndani. Akainua bilauri.

Hana hakukumbuka desturi wala nini. Aliruka, akaudaka mkono wa mkwewe kwa mikono yake miwili, maji yakamwagika.

"Baba, usinywe. Ni sumu."

Ghati aliganda mlangoni. Hana alipoona bado ameushika mkono ule, machozi yakamtoka. Alimpenda mzee huyu, na sasa amemvunjia heshima uani kwake mwenyewe. Akaomba radhi, macho chini, huku akimsafisha vidole kwa maji na sabuni alivyoletewa na Ghati.

Mzee alimwacha amalize.

"Nilikuwaga nafikiri unaniogopa tu," akasema. "Kumbe unanipenda, mwanangu."

Mwezi uliofuata Hana alirudi na dawa ya kuchua ya dukani, iliyopimwa vizuri. Mlangoni akainama kuiweka mahali pake, kama kawaida, lakini kigoda hakikuwapo. Mzee Magige alikuwa amekikalia uani, mkono ameunyoosha, anasubiri apewe.