Chakula cha Nili

Tangu baridi iingie kijijini Ajrakhpur, pipa la nili la Hurbai, rangi ya buluu ya kutia nguo, lilikuwa halitoi povu. Alilianzisha marehemu baba mkwe wake. Likifa, shuka ya harusi ya binti yao Sakina itatiwa rangi ya dukani. Nili ni kitu hai, hula vitu vitamu, basi Hurbai akalimiminia sukari guru yote ya nyumbani.

"Mama Sakina, chai mbona haina sukari?" mumewe Jusab aliuliza.

"Imeliwa na mgonjwa wa pipani."

"Mimi hata nikiugua hunibembelezi hivyo."

"Wewe tende zote umezila peke yako, wala hukunibakizia. Kunywa hivyo hivyo."

Jusab akainywa hivyo hivyo.

Baada ya siku chache povu likarudi. Hurbai akachovya kitambaa. Kikatoka kijani, upepo ukakipiga, kikageuka buluu mbele ya macho yao. Alipokoroga tena, mti wake wa kukorogea ukaibua kokwe za tende.

Akamtazama mumewe. "Mbona uliniacha nikuseme?"

"Ningekwambia, ungenicheka. Mzee mzima nalisha pipa."

Hurbai akamkamulia kitambaa, akampa akianike yeye, mlishaji mwenzake.